Ndama Hayumo Kwenye Kibali

Sheria inampa mama siku themanini na nne za kukaa na mtoto mchanga. Aliyezihesabu siku hizo, Ursula angependa sana kumpata ana kwa ana amuulize: hivi mtoto wa siku ya themanini na tano anakuwa ameota meno? Amejifunza kusonga ugali? Maana Florian wake hakuwa amebadilika hata chembe. Jumapili alinyonya mara kumi na moja, na Jumatatu alitaka mara kumi na moja zake zilezile, lakini Jumatatu hiyo kabla jua halijachomoza vizuri mama yake alikuwa kituoni Nyakato, ile ya huku Mara, anangoja gari la Butiama, kifua kimemjaa na hasira zimemjaa, hajui kipi kitamwagika kwanza.

Si kwamba alikuwa anadeka. Mtoto wake wa kwanza, Gaudensia, ambaye sasa yuko darasa la kwanza, alimwacha nyumbani vivyo hivyo likizo ilipokwisha, na wiki ya tano maziwa yakakata. Watu wakamwambia si kitu, mpe ya ng'ombe, mbona sisi tulikunywa. Akampa. Haikupita muda Gaudensia akaharisha mpaka macho yakaingia ndani, wakalazwa siku kumi na mbili, na Ursula akakaa siku zote hizo pembeni ya kitanda cha hospitali na matiti makavu yasiyomfaa mtu. Habari za siku hizo hajapata kumsimulia yeyote, hata mumewe. Kwa hiyo Florian alipozaliwa alijiapiza kwamba safari hii maziwa hayakauki kabla ya miezi sita, liwalo na liwe. Ilikuwa imebaki miezi mitatu na siku chache.

Sasa kazi yenyewe. Ursula alikuwa mtaalamu wa mifugo katika mradi mmoja, jina lake tuliache, uliokuwa na ofisi Butiama na pikapu yenye vipaza sauti viwili juu ya paa. Mradi ulikuwa ukifundisha wafugaji wa Mara kukamua kwa usafi na kuchemsha maziwa kabla ya kunywa, kwa sababu maziwa mabichi yana magonjwa yake, na huku kwetu watu wameyanywa hivyo tangu enzi na enzi na hawataki kusikia. Sauti iliyorekodiwa kwenye tangazo la gari ilikuwa ya Ursula. Watoto wa Nyakato walikuwa wakimwona njiani wanamwigiza: “Chemshaaa maziwa! Maziwa yoyote! Usimpe mtoto maziwa mabichi!”

Mkuu wa mradi aliitwa Jilala. Jina la kifugaji hasa, ila mwenye jina alizaliwa mjini, akasomea mjini, na ng'ombe alimfahamu zaidi akiwa kwenye mshikaki. Alichokijua ni karatasi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Ursula, kwa kuwa mtu mbaya unaweza kumchukia ukapumzika.

“Mama Florian, karibu tena kazini,” alimwambia siku ile ya kwanza. “Nimesoma sheria. Una haki ya saa mbili kila siku za kunyonyesha. Nimekupangia saa sita mpaka saa nane.”

“Ahsante, mkuu. Ila mtoto yuko Nyakato. Kwenda na kurudi tu saa mbili zimekwisha. Naomba hizo saa mbili ziwe za jioni, nitoke saa nane badala ya saa kumi, nimuwahi.”

“Hapana, hiyo sasa inakuwa kuondoka mapema. Sheria imesema kunyonyesha.”

“Hapa ofisini saa sita nitamnyonyesha nani, mkuu?”

Jilala alirudi kwenye karatasi yake, akapitisha kidole mstari kwa mstari. “Haijasema nani,” akajibu, tena kwa upole kabisa.

Basi saa sita ikawa inamkuta Ursula kwenye stoo ya dawa za mifugo, amekalia ndoo iliyopinduliwa, mguu mmoja ameuegemeza mlangoni kwa sababu mlango haukuwa na komeo, anajikamua. Alikuwa na pampu ya mkono aliyoinunua dukani Iringo, huko mjini, kwa bei ya kuumiza, lakini mpira wake ulipasuka siku ya sita, akabaki na vidole. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ilikuwa inanuka mpaka kooni. Nje, watu walikuwa wanagonga: mara anatafutwa faili, mara inatafutwa sindano ya chanjo, mara mtu anataka tu kujua kuna nani ndani. Maziwa ya mama hayapendi kugongewa mlango. Yakianza kushuka mtu anagonga, yanarudi yalikotoka, na wewe unaanza upya kama mtu anayewasha kuni mbichi.

Akimaliza kukamua, kuna vita vya friji. Friji ilikuwa ya sampuli, na Jilala alikuwa ameweka utaratibu kwamba maziwa hayaingii humo bila fomu. Jina la mfugaji, kijiji, umri wa ng'ombe, idadi ya mizao. Siku ya kwanza Ursula alidhani ni utani. Siku ya pili akajaza: mfugaji Florian, kijiji Nyakato, umri miaka thelathini na mmoja, mizao miwili. Jilala akaikagua fomu, akaigonga mhuri.

Ushauri nao ulikuwa bure na ulikuja kwa magunia. Jirani alisema anywe uji wa ulezi, akanywa mpaka tumbo likalalamika. Muuza samaki alisema supu ya kichwa cha sangara. Mwenzake wa kazini, mwanamume ambaye hajapata kushika hata nepi, alisema tatizo lake ni mawazo. Mumewe, Masatu, mwalimu huko Ukerewe ambaye alikuwa anakuja mwisho wa mwezi, alipiga simu akamwambia kwa mapenzi yote, “Usijitese bwana, nitakutumia hela umnunulie ya kopo.” Ursula akakata simu kabla hajasema neno ambalo ndoa ingelikumbuka. Wote hao walitaka kumsaidia, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kitu pekee alichokihitaji, yaani namna ya kumweka mtoto karibu na titi.

Wiki ya kwanza alikuwa anarudi nyumbani na vikombe viwili kwenye kiboksi chake cha barafu. Wiki ya pili kimoja na nusu. Wiki ya tatu kimoja. Wiki ya nne alikuwa anakamua dakika arobaini anapata maziwa ya kufunika kitako cha chupa, na kila akiitazama ile chupa alikuwa anakiona kitanda cha Gaudensia. Wiki ya tano ilikuwa inakuja.

Na wiki hiyo ya tano ndiyo Jilala aliyoichagua kwa kampeni ya Bunda.

“Siku tano,” alitangaza Ijumaa asubuhi, akiwa amekishika kibali cha safari alichokiandika kwa mkono wake. “Tunalala huko huko. Jumatatu saa tano tunafanya onyesho la ukamuaji bora kwenye uwanja wa mnada, wageni wa wafadhili watakuwepo. Tunakwenda na yule ng'ombe wetu wa mfano. Mama Florian, wewe ndiye mtoa maelezo.”

Ursula alimfuata ofisini kwake. Alikuwa amejipanga asiseme kwa hasira, na alijitahidi. Alimweleza kwamba mtoto akikaa siku tano bila kunyonya, maziwa yamekwisha, hayarudi. Kwamba mama mkwe anayemlea hatakataa kuja naye, na Gaudensia atalala kwa jirani. Kwamba pikapu ina siti za nyuma na zitakuwa tupu. Hakuomba chakula wala chumba chao, aliomba siti tu.

“Tatizo ni kibali,” alisema Jilala. “Gari la mradi linabeba watumishi na vifaa vya kazi. Mtoto si mtumishi. Likitokea la kutokea barabarani, nitaulizwa nani alimwandika. Kisichoandikwa hakipandi, Mama Florian. Wewe mwenyewe soma.” Akamsogezea kibali mezani ili aone kwamba hakuna chuki.

Ursula akasoma. *Watumishi watatu. Ng'ombe mmoja.* Chini, sahihi na mhuri.

Akasoma tena. Yule ng'ombe wa mfano alikuwa chotara ambaye damu ya kienyeji ilikuwa imemzidi. Asipomwona ndama wake, akamlamba, akamsikia anagonga kiwele, hatoi hata tone; anayazuia maziwa juu huko, na utavuta chuchu mpaka mikono ife ganzi. Kila mtoto aliyekulia kwenye zizi anajua. Ursula akafungua mdomo amwambie mkuu wake kwamba amemsahau ndama. Halafu akaufunga.

“Nimesoma, mkuu,” akasema.

Siku hiyo waliruhusiwa saa sita wakajiandae na safari, akafika Nyakato mchana, saa ambayo hakuwa amepata kuwepo nyumbani tangu likizo iishe. Alimkuta mama mkwe wake, Bibi Wankyo, amechuchumaa uani mbele ya jiko la mkaa. Bibi Wankyo alikuwa ametoka kijijini kwake, mbele ya Bunda, kuja kulea mjukuu, na alikuwa ameacha ng'ombe kumi na wanne ambao alikuwa anawataja kwa majina kila jioni. Jikoni palikuwa na sufuria ndogo inatoa povu, na bibi alikuwa anaengua utando wa juu kwa kijiko anautupia kuku. Pembeni yake kilikuwepo kiboksi cha barafu, wazi.

“Mama,” Ursula aliita polepole. “Hayo ni maziwa gani?”

“Ya kwako ya jana. Nachemsha, mtoto akiamka anywe.”

“Unachemsha maziwa yangu?”

“Si mpaka ifoke mara tatu? Ndiyo ulisema kwenye gari. Kila Jumatano gari inapitaga hapa inapiga kelele na sauti yako. Chemsha maziwa, maziwa yoyote, usimpe mtoto mabichi.”

“Ya ng'ombe, Mama! Ya mbuzi! Si ya kwangu!”

“Sasa gari ilisema ya kwako hapana?”

Ursula aliketi chini palepale kwenye vumbi na sketi yake ya kazini. Wiki nne. Wiki nne za ndoo iliyopinduliwa na harufu ya dawa na mguu mlangoni, na kila tone limefoka mara tatu na utando wake wameula kuku. Alitaka kupiga yowe. Alitaka kucheka pia, na hicho kicheko kilimuudhi zaidi.

Bibi Wankyo naye alikuwa amekasirika. Aliipua sufuria akaigongesha chini. “Weye miaka saba unanisumbua na habari za kuchemsha. Mimi nilikunywaga bichi tangu nazaliwa, mama yangu alikunywaga bichi. Nimekataa miaka saba. Kwa ajili ya huyu mtoto nikasema basi, mkwe wangu amesoma, nimsikie mara moja. Siku nimekusikia, ndiyo unanifokea hivyo?”

Ursula akaomba radhi, na kwa kuwa alikuwa amekwisha kukaa chini na nguvu za kuinuka hana, akamweleza yote: maziwa yanavyopungua, siku tano za Bunda, kibali. Bibi Wankyo alisikiliza huku akimpepea mjukuu aliyelala kwenye mkeka. Maziwa hayakumshtua. Alisema yeye mwenyewe aliyaona siku nyingi kwamba yanapungua, kwa namna mtoto alivyokuwa anavuta usiku. Kilichomshtua kilikuwa kingine.

“Ngoja,” alisema. “Huyo ng'ombe wenu ni wa aina gani?”

“Chotara. Zaidi ni wa kienyeji.”

“Na ndama wake hajaandikwa.”

“Hajaandikwa.”

“Hatatoa maziwa.”

“Najua, Mama.”

“Umemwambia huyo mkubwa wako?”

“Kisichoandikwa hakipandi.”

Bibi Wankyo alimtazama mkwewe, na Ursula aliona kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka saba anatazamwa kama mtu wa maana. “Huyo ndama atalia,” bibi alisema. “Dhambi yake utaibeba weye.” Halafu akainuka akaanza kukunja nguo za mtoto, moja moja, anazitia kwenye mfuko wa safari, wala hakusema ni za safari gani.

Jumamosi na Jumapili Ursula alimweka Florian kifuani kutwa nzima. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena. Jumapili jioni alikuwa anavuta kwa hasira, anatikisa kichwa kama mtu aliyekuta mlango umefungwa.

Jumatatu alfajiri, nje ya banda la mradi Butiama, dereva Maige alimpandisha ng'ombe kwenye pikapu, akamfunga kamba vizuri, kisha akaelekeza kidole bandani. “Na huyu?”

“Soma kibali,” alisema Ursula.

Maige alikulia kwa wafugaji. Alisoma kibali, akamtazama Ursula, akamtazama Jilala aliyekuwa kiti cha mbele anaongea na simu. “Haya,” akasema. “Mimi ni dereva tu.”

Gari lilipowashwa ndama akalia. Si kilio kikubwa, ni kile chembamba cha kukatika katikati. Ng'ombe akageuza shingo kule juu akajibu, na Ursula aliyekuwa mguu mmoja ndani mmoja nje akahisi matiti yanachoma, maziwa yakamtoka yakalowesha blauzi. Kidogo tu, lakini yalitoka, kwa ndama wa watu. Alijisikia vibaya vibaya kabisa. Alisema moyoni, nitamwambia, mnyama hana kosa.

“Mama Florian, tunachelewa!” Jilala aliita kutoka mbele. “Hao wageni hawatungoji.”

Akapanda, akafunga mlango.

Uwanja wa mnada nje ya mji wa Bunda ulikuwa umefurika. Ilikuwa siku ya mnada wenyewe, kwa hiyo walikuwepo wafugaji na fimbo zao, wanawake wa nyanya na dagaa, vijana wa pikipiki, na wageni wawili wa wafadhili, mwanamume na mwanamke, wamekalia viti vya plastiki chini ya turubai. Ng'ombe hakuwa amekamuliwa tangu jana yake, kwa amri ya Jilala, ili kiwele kiwe cha kupendeza mbele ya wageni. Kilikuwa kimejaa kweli kweli, chuchu zimetengana kila moja na upande wake.

Ursula alishika kipaza sauti akaeleza. Kunawa mikono, akaeleza. Kuosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akaeleza. Maige akanawa, akaosha, akachuchumaa, akavuta. Hakikutoka kitu. Akavuta tena. Ng'ombe akageuza kichwa kutafuta kitu nyuma yake, akalia, akapiga teke ndoo ikaenda kusimama kwenye miguu ya mgeni.

Watu wakaanza kunong'ona. Mzee mmoja wa fimbo akauliza kwa sauti, “Nyie, ndama yuko wapi?” Mwingine akadakia, “Hawa ndio wanatufundisha kukamua?” Kicheko kikazunguka uwanja mzima.

Jilala alisogea haraka, jasho linamtoka. “Maige, vipi?”

“Hashushi, mkuu. Anamtaka mwanae.”

“Sasa ndama yuko wapi? Kwa nini hakuletwa? Mama Florian, wewe ndiye mtaalamu! Kwa nini hukumleta ndama?”

Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa Ursula na hakikuwa kimezimwa, naye alijua hakijazimwa.

“Ndama hayumo kwenye kibali, mkuu,” alisema, na sauti ile ambayo mkoa mzima unaijua ikatoka kwenye vipaza vyote viwili. “Ulisema mwenyewe Ijumaa. Gari linabeba watumishi, na kisichoandikwa hakipandi. Nilikuomba nije na mwanangu nimnyonyeshe maana maziwa yananikauka, ukaniambia mtoto si mtumishi. Basi ndama naye si mtumishi. Huyu ng'ombe kaja kikazi kama nilivyokuja mimi. Kiwele kimemjaa, mtoto kaachwa nyumbani, anaambiwa toa maziwa watu wanatazama. Anatoaje? Mimi mwezi mzima nimejaribu, nimeshindwa!”

Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma ya beseni la dagaa akapiga ukelele, “Yarabi! Kumbe hata huko maofisini wanatufanyiaga hivi!” na wanawake wote wa upande ule wakaanza kupaza sauti kwa pamoja, mlete ndama, mlete na mtoto, mlete ndama, mlete na mtoto, wanaume wa fimbo wanapokea. Mgeni wa kike alisimama kutoka kwenye kiti chake cha plastiki, akamwinamia Jilala akamuuliza jambo kwa sauti ya chini. Jilala alimjibu kwa kirefu, na kadiri alivyojibu ndivyo uso wake ulivyozidi kuwa mdogo.

Alirudi kwa Ursula amekwisha kukitoa kibali mfukoni. “Niandike nini?” akauliza.

“Ndama mmoja. Mtoto mmoja. Bibi mmoja.”

Akaandika, amekiweka kibali juu ya boneti ya gari, akaweka sahihi, na mhuri akagonga, maana alikuwa anatembea nao.

Maige akaondoka kuelekea Butiama na kisha Nyakato. Onyesho likasogezwa mpaka alasiri. Hapo ndipo hofu ilipomwingia Ursula sawasawa, kwa sababu hasira zilikuwa zimemwishia na hakuwa na kitu kingine cha kujishikilia. Mkataba wake ungepitiwa upya mwezi wa sita, na Jilala hakuwa anamtazama. Hilo angelimudu. Aliomba kwa mama mmoja wa nyanya nafasi nyuma ya kibanda chake, akajikamua, apunguze tu, na hakikutoka kitu. Akabadilisha upande. Matone manne. Blauzi iliyokuwa imelowa asubuhi ilikuwa imekauka. Akakaa pale juu ya kreti la nyanya akafikiri, nimewatukanisha watu, nimemliza ndama wa watu, nimepigania maziwa mbele ya Bunda nzima, na maziwa yenyewe hayapo.

Saa tisa na nusu pikapu ikarudi. Ndama alikuwa amesimama nyuma, miguu imetanuka, na kwenye kiti cha mbele alikaa Bibi Wankyo na mfuko wake wa safari, Florian mapajani, analia kilio cha njaa kilichofika kabla ya gari. Maige alimshusha ndama kwanza kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Ndama hakuuliza njia. Alikwenda moja kwa moja akagonga kiwele kwa pua, mara moja, mara mbili, na povu jeupe likamjaa mdomoni, uwanja ukapiga vigelegele.

Huku nyuma ya gari, Ursula alikuwa ameketi juu ya gunia la pumba, Bibi Wankyo amesimama mbele yake ametanua kanga kama pazia. Florian alilikamata titi la kulia, akavuta, akaachia, akalia. Akalikamata tena, akavuta, akaachia. Ursula alikuwa anamkazia macho.

“Usimtazame hivyo kama unamsimamia mtihani,” alisema Bibi Wankyo bila kugeuka. “Anakuogopa. Mnuse kichwa.”

Ursula akainama, akamnusa kichwa. Alinuka jasho, na vumbi la barabara, na maziwa. Akafumba macho. Mtoto akavuta tena, kwa nguvu, na hakuachia. Mara Ursula akahisi ule mchomo unaanzia karibu na kwapa, unashuka, na titi la pili, lile ambalo hakuna aliyeligusa, likaanza kuvuja lenyewe likamlowesha mpaka kiunoni. Akamsikia mwanae anameza. Meza, pumua, meza, pumua, haraka haraka, mengine yanampita pembeni mwa mdomo. Ursula alilia pale kwenye gunia la pumba, wazi wazi, na mama mkwe wake akaishusha kanga kidogo upande mmoja ili amfutie machozi kwa pindo lake, akaipandisha tena.

Nyayo zikasikika. Zilifika kwenye kona ya gari zikasimama, na Jilala akakohoa, amegeuzia uso wake upande wa ziwa. “Mama Florian, samahani. Ng'ombe ameshatoa, ndoo imejaa. Wageni wanangoja maelezo.”

“Bado la kushoto, mkuu,” alisema Ursula, akamgeuza mtoto.